Moshi Huu Ni wa Nani? Jinsi Mabaraza Yapimavyo Hewa na Kuisafisha

Ndugu mkulima, mvua ya shambani kwako unaweza kuipima kwa kipima mvua. Maziwa unayapima kwa lita, na mahindi kwa gunia. Lakini je, hewa uvutayo usiku na mchana umewahi kuipima? Nani huipima? Na ikiwa imechafuka, nani wa kuisafisha?

Labda utasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa mjini, wenye magari na viwanda. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nikapata somo ambalo sikulipata chuoni.

BARUA ILIYOKAA KATIKA FAILI

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, lakini kazi yangu ya sasa ni barua: barua za mbegu, za mbolea, za dawa ya kupe na za mipaka ya ploti. Siku moja mzee mmoja wa skimu yetu ya makazi alileta barua kwa mkono wake. Jirani yake alikuwa akichoma matofali karibu na mpaka. Tanuri liliwaka siku nyingi, kwa kuni mbichi, na kuni zikipungua alitupia magurudumu ya gari yaliyokwisha na takataka za plastiki. Jioni moshi wote ulishuka bondeni ukaingia nyumbani kwa mzee. Mjukuu wake wa miaka miwili alikuwa akikohoa usiku kucha.

"Bwana Karani," akaniambia, "mpaka wa ardhi yangu naujua, maana bikoni naziona. Lakini moshi hauna bikoni. Niambie basi, moshi huu ni wa nani?"

Niliipokea barua, nikaigonga mhuri, nikaitia katika faili. Haikuwa ya mbegu wala ya mbolea, nami sikujua ni kazi ya ofisi gani. Ikakaa humo siku 19. Siku ya 20 mzee akarudi. Alikuwa anatoka hospitali, ambako mjukuu wake alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kichomi. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama barua yake imejibiwa.

Mtoto alipona, tunashukuru Mungu. Daktari hakusema kwamba moshi peke yake ndio uliomwuguza, kwa maana kichomi kina njia nyingi za kumwingia mtoto mdogo. Lakini swali la kwanza alilouliza lilikuwa hili: "Huko nyumbani kuna moshi?" Mimi niliona haya. Ndipo nikaanza kusoma na kuulizia, na niliyoyapata nakuletea hapa ili wewe usichelewe kama nilivyochelewa mimi.

UKUNGU WA LONDON

Kwanza twende mbali kidogo, mpaka mji wa London huko Uingereza, maana mabaraza ya miji ya huko yalijifunza kazi ya kupima na kusafisha hewa kwa uchungu mwingi.

Mwaka 1952 karibu kila nyumba ya London iliota moto wa makaa ya mawe. Viwanda navyo vilitumia makaa hayo hayo, na mitambo ya stima, na magari ya moshi. Siku ya Ijumaa, tarehe 5 Desemba, ilikuwa baridi kali na hapakuwa na upepo. Hewa ya joto ikakaa juu ya hewa ya baridi, kama kifuniko juu ya sufuria, na moshi wote ukakosa mahali pa kutokea. Wewe uliye Kinangop au Molo jambo hili umeliona. Asubuhi ya mwezi wa Julai moshi wa jikoni haupandi, bali hulala bondeni kama blanketi mpaka jua lipate nguvu. Sasa fikiri moshi wa mamilioni ya watu umelala hivyo siku tano, mpaka tarehe 9.

Watu hawakuweza kuona miguu yao wenyewe. Mabasi yaliongozwa na watu waliotembea mbele na taa mkononi. Tarehe 8 mchezo wa kuimba katika jumba la Sadler's Wells ulikatizwa, maana ukungu uliingia ndani ya ukumbi.

Juma lile lile palikuwa na maonyesho makubwa ya mifugo ya Smithfield, mahali paitwapo Earls Court. Wakulima walikuwa wameleta ng'ombe wao bora kabisa. Ng'ombe wale wakaanza kuhema na kutoa ulimi, kadhaa wakaugua vibaya, na wengine wakafa au ikabidi wachinjwe. Lakini kondoo na nguruwe waliokuwa pale pale hawakudhurika. Kwa nini? Wataalamu walieleza hivi. Moshi wa makaa ya mawe una salfa, na salfa ikichanganyika na ukungu hugeuka kuwa asidi inayochoma mapafu. Ng'ombe wa maonyesho walitandikiwa nyasi safi kila mara, lakini kondoo na nguruwe walilala juu ya nyasi zenye mkojo. Ile hewa kali ya mkojo, iitwayo amonia, ikaipunguza asidi nguvu. Usije ukaliacha zizi lako chafu kwa sababu ya habari hii! Nimeieleza ili uone kwamba hewa ile ilikuwa sumu hasa.

Na watu je? Ajabu ni kwamba siku zile watu wengi hawakujua kama kuna msiba. Kila nyumba ilimlilia mzee wake au mtoto wake peke yake. Makarani wa vifo walipojumlisha vitabu vyao ndipo ikaonekana kwamba watu wapatao 4,000 wamekufa kupita hesabu ya kawaida. Wataalamu walioirudia hesabu hiyo miaka mingi baadaye wanasema huenda walifika 12,000. Wengi walikuwa wazee, watoto wachanga, na watu wenye ugonjwa wa kifua.

VIPIMO VYA ZAMANI

Utauliza, walijuaje kwamba ni moshi na si baridi tu? Walijua kwa sababu vipimo vilikuwapo. Nitakueleza vitatu, maana si vigumu kufahamu.

Cha kwanza kilikuwa bakuli kubwa juu ya nguzo, na chini yake chupa. Masizi na vumbi vilianguka humo pamoja na mvua. Mwisho wa mwezi maji yalikaushwa na uchafu ukapimwa kwa mzani. Ni sawa na kipima mvua chako, ila hiki kilipima mvua ya masizi.

Cha pili kilikuwa karatasi nyeupe. Pampu ndogo ilivuta hewa ikaipitisha katika karatasi hiyo kwa saa 24. Hewa ikiwa safi karatasi ilibaki nyeupe, na ikiwa chafu ilipata doa. Doa likililinganishwa na madoa ya kiasi kinachojulikana, mtu aliweza kusema hewa ya siku hiyo ilikuwa na moshi kiasi gani. Kisha hewa hiyo hiyo ilipitishwa katika chupa ya dawa ili kupima salfa.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyotoa ushahidi. Walipochora mstari wa moshi na salfa wa kila siku, na mstari wa vifo vya kila siku, mistari ilipanda pamoja na ikashuka pamoja. Maneno ya mtu yaweza kukanushwa, lakini mistari ile hakuna aliyeweza kuibishia.

Cha tatu kilikuwa kadi za kupimia moshi wa dohani, yaani bomba la moshi. Zilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na Mfaransa aitwaye Maximilien Ringelmann. Bwana huyu hakuwa mtu wa viwanda. Alikuwa mwalimu wa uhandisi wa kilimo, na kazi yake ilikuwa kujaribu mashine za wakulima huko Paris. Kadi zake zimechorwa mistari myeusi ya kukingamana, ya kwanza mistari myembamba, ya pili minene zaidi, hata ya tano ni nyeusi tupu. Ukizitundika kiasi cha mita 15 kutoka ulipo, mistari huchanganyika machoni pako ikawa rangi ya kijivu. Basi mpimaji hutazama moshi, hutazama kadi, akasema moshi huu ni namba 2, au ule ni namba 4. Hapo mwenye dohani hawezi kusema anaonewa, kwa kuwa kadi ni ile ile kwa wote.

SHERIA NA MSAADA VILIKWENDA PAMOJA

Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Hewa Safi. Sheria hiyo ilikataza moshi mweusi kutoka katika dohani, na kipimo chake kilikuwa ile kadi namba 2 ya Ringelmann. Tena iliyapa mabaraza ya miji uwezo wa kutangaza mitaa isiyoruhusiwa moshi. Katika mitaa hiyo mtu hakuruhusiwa kuchoma makaa ya kawaida. Ilimpasa kutumia makaa yasiyotoa moshi, au gesi, au stima.

Lakini shika jambo hili, maana ndilo nililolipenda. Baraza halikumwambia mtu maskini azime moto wake akae katika baridi. Mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake alirudishiwa sehemu 7 katika kila 10 za gharama. Maafisa walikwenda mlango kwa mlango, wakahesabu meko, wakaeleza, kisha wakatoa muda kabla ya sheria kuanza kuuma. Hivyo vilikuwapo vipimo, na amri, na msaada. Kipimo bila amri ni hesabu ya bure, na amri bila msaada ni kuwasumbua maskini.

Hata hivyo si mabaraza yote yaliyofanya haraka. Katika wilaya za machimbo, wafanyakazi wa migodi walipewa makaa ya mawe kama sehemu ya malipo yao. Nani angekubali kuacha moto asioununua? Mabaraza ya huko yakavuta miguu. Mwezi wa Desemba 1962 ukungu wa namna ile ulirudi London, na mamia ya watu wakafa tena. Ilibidi sheria ya pili itungwe mwaka 1968, iliyompa Waziri uwezo wa kuyalazimisha mabaraza yaliyolala. Kufikia miaka ya 1970 ule ukungu mweusi ulikuwa umekwisha. Sheria ilisaidiwa pia na gesi na stima, zilizokuwa rahisi kupatikana. Lakini bila vipimo na bila mabaraza, kazi ingechukua miaka mingi zaidi.

UCHAFU USIOONEKANA

Siku hizi hatari ya London si masizi bali ni moshi wa magari, na sehemu kubwa ya uchafu huo haionekani kwa macho. Sheria ya mwaka 1995 inayataka mabaraza yapime hewa ya maeneo yao, yatangaze mahali palipo pabaya, na yaandike mpango wa kuparekebisha.

Kipimo kimoja wanachotumia ni rahisi mno. Ni kijibomba cha plastiki cha urefu wa sentimita 7 hivi, kilichozibwa upande mmoja, na ndani ya kizibo kuna wavu mdogo uliopakwa dawa. Hufungwa kwenye nguzo ya taa kando ya barabara. Hewa chafu ya magari hunaswa na ile dawa. Baada ya mwezi mmoja kijibomba huondolewa, hupelekwa maabara, na kingine kipya hufungwa. Gharama yake ni ndogo, kwa hivyo baraza laweza kufunga vingi na kujua barabara hii ni mbaya kuliko ile. Mahali pengine huwekwa mashine kubwa zinazopima saa kwa saa.

Baada ya kupima, Meya wa London aliweka ada. Tangu Aprili 2019 gari la zamani lenye moshi mbaya likiingia katikati ya mji hulipa pauni 12.50 kwa siku. Eneo hilo lilipanuliwa Oktoba 2021, na tarehe 29 Agosti 2023 likafika mji mzima. Si wote waliofurahi. Mabaraza 5 yalikwenda mahakamani kuupinga upanuzi huo mwaka 2023, yakashindwa. Wenye magari makuukuu walilalamika, na wengine walipewa fedha za kuyaacha. Ndivyo ilivyo kazi hii: hewa ni ya wote, lakini gharama ya kuisafisha kila mtu hutaka ilipwe na mwenzake.

Kisa kimoja cha huko kimenigusa zaidi ya vyote. Msichana wa miaka 9, aliyekaa karibu na barabara kubwa huko Lewisham, alikufa kwa ugonjwa wa pumu mwezi wa Februari 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Alisema pia kwamba mama yake hakupewa habari kuhusu hatari ya hewa ile, na kama angalipewa huenda angalichukua hatua. Vipimo vilikuwapo, na hesabu ziliandikwa katika vitabu vya ofisi. Lakini hazikumfikia mama. Niliposoma hapo niliikumbuka ile barua ya mzee.

SHERIA YETU YASEMAJE

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, hata kabla ya kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amekwisha kupata hasara. Na Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi Serikali za Kaunti kazi ya kuzuia uchafuzi wa hewa. Iko katika orodha moja na kilimo na afya. Mimi karani wa kilimo nilikuwa nikiisoma orodha hiyo kwa ajili ya sehemu yangu tu, na jibu la mzee lilikuwa mistari michache chini yake!

Juu ya hayo tuna Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, iliyoanzisha mamlaka ya NEMA, na Kanuni za Ubora wa Hewa, zinazoweka vipimo kwa viwanda na dohani zao. Tena tuna Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, iliyo ya zamani kuliko zote. Sheria hiyo humwezesha afisa wa afya kutoa notisi kwa mtu anayesababisha kero ya kudhuru afya, aiondoe kwa muda uliowekwa.

Vipimo navyo tunavyo, ingawa havitoshi. Juu ya Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, Idara ya Hali ya Hewa ina kituo kilichofunguliwa mwaka 1999 kupima hewa ya mbali na miji, ili dunia ijue hewa inabadilika namna gani. Katika miji viko vipimo vidogo vya stima vinavyohesabu chembe za moshi na kupeleka hesabu kwa simu. Lakini katika skimu zetu nyingi kipimo cha kwanza bado ni pua na macho ya mkulima. Kwa hivyo ukinyamaza, Kaunti haitajua.

Na ukisema usikate tamaa. Huko Owino Uhuru, katika Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia wakazi sumu ya risasi kwa moshi na maji yake. Walilalamika miaka mingi. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na ofisi za serikali zilizopaswa kuwalinda nazo zikatiwa hatiani. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo mwaka 2024 ikaamua kwa upande wa wakazi. Lakini fedha hazirudishi afya ya mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UFANYE NINI MOSHI UKIKUSUMBUA

Kwanza, nenda kwa jirani yako kwa amani. Pengine hajui kwamba moshi wake unakufikia.

Pili, weka daftari. Kila siku andika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, moshi ni mweupe au mweusi, una harufu gani, na nani nyumbani ameugua. Fanya hivyo kwa siku 14. Mtu akisema "moshi ni mwingi" atajibiwa "tutaangalia". Mtu mwenye daftari la siku 14 ameleta kipimo.

Tatu, mpelekee habari hizo afisa wa afya ya umma wa wadi yenu, na nakala mpe chifu. Ikiwa ni kiwanda, au machimbo ya mawe, au jaa la takataka, peleka nakala pia ofisi ya NEMA ya kaunti yenu.

Nne, omba barua yako igongwe mhuri wa siku ilipopokelewa, nawe ubaki na nakala. Nasema hivi mimi niliye karani. Mtu akirudi na nakala yenye mhuri, faili hufunguliwa upesi.

Tano, kaunti ikiita mkutano wa maoni juu ya bajeti, nenda. Huko ndiko fedha za vipimo na za maafisa zinakogawiwa.

MOSHI WA NYUMBANI

Basi nikaitoa barua ya mzee katika faili, nikampelekea afisa wa afya mwenyewe kwa mkono, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Afisa akaja skimuni juma lile lile. Alilitazama tanuri, akampa jirani notisi ya siku 14. Alimkataza kabisa kuchoma magurudumu na plastiki, maana moshi wake ni sumu. Akamwagiza atumie kuni zilizokauka, na tanuri lijalo alijenge juu kilimani penye upepo, mbali na nyumba za watu. Jirani alinung'unika, kwa kuwa matofali ndiyo karo ya watoto wake, lakini akatii.

Mzee akafurahi. Kisha yule afisa akasema, "Mzee, naomba pia niangalie jiko lako."

Tukaingia. Mafiga matatu, kuni mbichi, dirisha hakuna. Mabati ya juu yalikuwa meusi kama lami, na macho yetu yakatiririka machozi kabla hatujakaa. Bibi wa nyumba alikuwa amezoea, na mjukuu hukaa humo mgongoni mwake asubuhi na jioni. Afisa hakumkemea mtu. Alisema tu, "Tanuri la jirani huwaka siku chache katika mwezi. Hili huwaka kila siku."

Ndugu mkulima, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa chini ya miaka 5. Shirika hilo hupima chembe ndogo sana za moshi, karibu mara 30 ndogo kuliko unene wa unywele. Mwaka 2021 lilishauri kwamba kwa mwaka mzima wastani usipite maikrogramu 5 za chembe hizo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Jiko la mafiga lisilo na dirisha hutoa mamia, na wakati wa kuwasha hata maelfu. Hakuna kaunti itakayofunga kipimo jikoni mwako. Hapo baraza ni wewe.

Unaweza kuanza hivi:

Anika kuni zako. Zipasue, uzipange chini ya paa, zikae miezi kadhaa kabla ya kuzitumia. Kuni mbichi hula moto wake wenyewe kukausha maji, ikabaki moshi.

Toboa dirisha, na acha nafasi kati ya ukuta na paa. Ikiwezekana jenga jiko la udongo lenye dohani. Hupunguza kuni, na moshi hutoka nje.

Ukiwa na ng'ombe wawili au watatu wa kulishiwa zizini, uliza juu ya mtambo wa gesi ya samadi. Hupika bila moshi, na tope linalobaki ni mbolea nzuri.

Usichome mabua baada ya kuvuna. Moto huchukua naitrojeni pamoja na kile ambacho kingeoza kikawa rutuba. Lisha ng'ombe, tandaza shambani, au tengeneza mboji. Aungazaye mabua huichoma mbolea yake, kisha huenda dukani kununua nyingine.

Usichome plastiki, hata kidogo, hata kwa kuwashia moto.

KAMBA YA BWANA RINGELMANN

Nitamaliza kwa yule Mfaransa wa kadi, maana alifanya jaribio jingine. Aliwapa watu kamba waivute, akapima nguvu zao. Akaona kwamba mtu akivuta peke yake hujitahidi sana, lakini wakiwa wengi kila mmoja huvuta kidogo kuliko uwezo wake, akimtegemea mwenzake.

Ndivyo tulivyo na hewa. Kila mtu husema, "Moshi wangu ni mdogo, mkubwa ni wa fulani." Mwenye tanuri humtazama mwenye kiwanda, mwenye mafiga humtazama mwenye tanuri, na karani huitia barua katika faili akidhani ofisi nyingine itajibu. Haba na haba hujaza kibaba, na moshi nao hujaa vivyo hivyo.

Juzi nilipita kwa yule mzee kupeleka fomu za mbegu. Ukuta wa jiko una dirisha jipya, na kuni zimepangwa chini ya paa. Dohani bado, anangoja fedha za maziwa. Jirani yake alikuwa amekaa pale pale barazani akinywa chai, na yule mjukuu alikuwa akimfukuza kuku uani, akicheka.

Mzee akaniuliza, "Bwana Karani, leo umeleta jibu la ile barua yangu?"

Nikamwambia ndiyo, mzee, nimelileta. Moshi ule ulikuwa wa jirani yako, na wako, na wangu mimi niliyeiweka barua katika faili.